Chumba cha Nyuma cha Baraza la Mzungu

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Leo nimekabidhiwa ukatibu wa Kamati ya Baraza la Mzungu, pamoja na funguo tano ambazo hata moja haifungui kitu. Mwenyekiti wetu, Bwana Jamaludin, alinipa kwa mikono miwili kama anayeoza binti. Jengo likiisha kutengenezwa litakuwa kituo cha utamaduni, na mimi, Sundus, nitakuwa msimamizi wake. Nimeingoja siku hii miaka tisa, nikiwapigia chapa barua watu wasiojua kuweka nukta.

Jengo lenyewe nalijua tangu utotoni. Mwingereza alilijenga ufukoni hapa Lamu mwaka 1897, akalielekeza baharini, sisi akatupa mgongo. Mawe ni yetu na chokaa ni yetu, lakini juu yake alibandika kila alichokikumbuka kwao: madirisha ya tao, nguzo za chuma zilizokuja na meli, paa la mabati lililosimama wima kana kwamba huku huanguka theluji, na ndani ya ukumbi meko ya ukutani yenye bomba la moshi. Meko ya kuotea moto, hapa kwetu Amu! Hayajawashwa hata siku moja. Kazi ya bomba ni kuleta mvua sebuleni. Daka la mlangoni la kusitiri ndani halina, mtu akivuka kizingiti tu kesha waona wote waliomo ndani na walivyokaa. Mjenzi wake hakuwa na haya.

Limekuwa forodha, limekuwa mahakama, limekuwa ghala la mahindi ya msaada, limekuwa sinema ya picha za Kihindi, limepigiwa kura na kuchezewa harusi. Mwaka wa korona waliwekwa humo watu waliokuwa wakikohoa. Kila aliyelitumia alipigilia msumari wake ukutani, akaondoka.

Aliyebaki ni Madi. Ni mzee wa Siyu, anakaa chumba cha nyuma, kilichokuwa cha karani wa forodha. Amekaa miaka thelathini na moja kama mlinzi, ingawa sijui anachokilinda. Mkewe, Bi Barka, alifia humo na kuoshewa humo. Leo aliponiona na funguo alisema, "Mwanangu, hizo hazifungui. Mlango wa mbee husukumwa tu."

Mimi si mwanawe.

Alhamisi, 18 Aprili

Amefika mchoraji wa majengo, Bwana Ndirangu, kijana wa Nyeri mwenye buti za mpira. Ni mpole, na anaisikia nusu tu ya tunayosema. Ametandaza ramani juu ya meza ya harusi. Nimeona chumba cha mbele chenye madirisha mawili ya bahari kimeandikwa *Msimamizi*. Nilikiangalia muda mrefu.

Halafu akaniambia kuna tatizo la vyoo. Maji machafu lazima yapate mteremko, na mteremko uko pande mbili tu: chini ya chumba changu, au chini ya chumba cha Madi.

"Mmoja wenu lazima ahame," akasema akicheka.

Sikucheka.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimekwenda kukiona chumba cha nyuma, kwa kisingizio cha kupima. Nilitaraji uchafu. Kuna kitanda cha mayowe, cha miti na kamba tu, msala wa kusalia, birika, na sakafu iliyosuguliwa hata inang'aa. Mlangoni palikuwa na makubadhi yake. "Vua, mwanangu, uingie," akaniambia. Nikavua, mimi niliyevaa viatu vya Mombasa, nikaingia peku kwa mlinzi. Nilikasirika siku nzima kwa jambo hilo.

Mambo yamezidi kuharibika. Wafadhili wanataka ripoti ya matumizi ya jengo tangu mwanzo, na Ndirangu kagundua kwamba Madi anayajua yote. Jioni akanambia ana wazo: Madi aandikwe rasmi kuwa mtunza kumbukumbu wa jengo, na chumba chake kiachwe kama kilivyo, sehemu ya historia. Wageni wataonyeshwa.

"Na vyoo?" nikauliza.

Akakuna kichwa. "Tutaona, Bi Sundus. Ofisi si inaweza kuwekwa hata kule juu?"

Kule juu ni chini ya mabati. Mtu akikaa saa moja, ubongo unachemka. Bwana Jamaludin alikuwapo na akalipenda wazo, kwa kuwa Bwana Jamaludin hupenda wazo la mtu wa mwisho aliyesema. Watakata shauri ripoti ikishasomwa.

Basi miaka tisa yangu imewekwa mizani na kitanda cha mayowe.

Jumanne, 30 Aprili

Leo Madi amehojiwa ukumbini. Ndirangu aliweka simu yake mezani inase sauti, mimi nikawa wa kuandika. Katika ripoti kila kitu kiwe Kiswahili sanifu, ndivyo wafadhili walivyotaka, na hapa mwenye sanifu ni mimi.

Mzee alisema kwa saa mbili bila kunywa maji. Alituonyesha alama za mizani ya forodha sakafuni. Alituonyesha kizimba cha mahakama kilipokuwa, na tundu la mashine ya sinema. Lazima niseme kweli: ana kumbukumbu kuliko jalada lolote nililowahi kulifungua. Ndirangu alikuwa akimtazama kama mtoto anayetazama biskuti. Nikajua ofisi yangu imekwenda.

Kisha mvua ikashuka kwa nguvu, Ndirangu akakimbia nje kufunika saruji. Simu ikabaki mezani. Tukabaki mimi na Madi, naye akaendelea, akinitazama mimi sasa, kwa Kiamu kitupu:

"Wakati ule akaya mpimaji wa serikali. Sisi wenye mashamba ya Kililana tukaitwa hapa. Akapanda yuu ya jukwaa atwambie ndia itapita wapi. Jukwaa nalo limeliwa na mtwa! Likavundika, akazama hata kiunoni. Lahaula! Tulimteka, Bi Sundus, tulimteka hata magharibi. Akatuomba tumwate, nasi hatukumwata. Asubuhi akangia mashuani na viatu mkononi, hakurudi tena Amu."

Alipofika kwenye viatu, machozi yalimtoka kwa kicheko. Ni mwepesi wa kuhadithia, huyu mzee.

Alhamisi, 2 Mei

Nimepiga chapa kutwa nzima. *Akaya* nikaandika akaja. *Yuu* nikaandika juu. *Ndia* nikaandika njia. *Mtwa*, mchwa. *Likavundika*, likavunjika. *Tumwate*, tumwache. *Akangia*, akaingia.

Nikafika kwenye *tulimteka*.

Kila mtoto wa Amu anajua kwamba sisi *kuteka* ni kucheka. Na kila mtu wa bara anajua kwamba kwao kuteka ni kumkamata mtu kwa nguvu na kumficha. Mikono yangu ilikuwa juu ya vibonye. Nikaisoma sentensi kama atakavyoisoma mgeni: jukwaa likavunjika, akazama hadi kiunoni, tulimteka hadi magharibi, akatuomba tumwache nasi hatukumwacha, hakurudi tena.

Nikaacha *tulimteka*. Si neno nililomtia mdomoni, ni lake. Mtu atanilaumu kwa kuandika alichosema mwenyewe?

Nilifikiri Ndirangu ataona aibu tu, aondoe habari za mzee katika ripoti, na wazo la mtunza kumbukumbu life. Hayo ndiyo niliyoyafikiri, wallahi.

Jumanne, 7 Mei

Nimekabidhi ripoti. Kurasa arubaini na moja, haina kosa hata moja la tahajia.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Bomba la moshi limeleta ndege mfu ukumbini. Madi kamzika.

Jumatatu, 13 Mei

Sikujua kwamba ripoti hupitia kwanza kwa afisa usalama wa mradi. Anaitwa Hudson, mtu mnene wa sauti ndogo, alistaafu kazi ya upelelezi na hajaisahau. Amevuka leo kutoka bara na karatasi yangu imepigwa mstari mwekundu. Akafunga mlango.

"Madam, hii statement umeandika wewe?"

"Ndiyo."

"Word kwa word?"

"Nimeandika alichosema."

"Hapa. *Tulimteka*. Alisema hivyo? Tulimteka?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Neno moja lingetosha: *walimcheka*. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nikamtazama Hudson, nikatazama nyuma yake madirisha yale mawili, bahari imejaa maji ya masika. Nikasema, "Ndivyo alivyosema. Alisema mara mbili."

"Na huyo surveyor hakuonekana tena?"

"Ndivyo alivyosema."

Akaandika. Akaniambia mimi ni mwananchi mwema.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikakaanga samaki, nikala wote.

Jumanne, 14 Mei

Wamemchukua asubuhi. Watu watatu wasio na sare walikuja na boti ya kasi. Alikuwa anafagia maji ya bomba. Walimwuliza, "Wewe ndiye Madi? Mlimteka afisa wa serikali?"

Naye, maskini ya Mungu, akacheka! Akawaambia, "Ee, tulimteka! Mimi nalikuwa wa kwanda! Nani alowapa habari?"

Wakamfunga mikono. Ndipo akaacha kucheka. Akageuka huku na huku akimtafuta mtu wa kumweleza, macho yake yakanipata mimi niliyesimama karibu na nguzo. "Bi Sundus, mwanangu, wambie! Wambie nimesemani!"

Nikasema, "Nenda nao, Bwana Madi, utaeleza huko huko."

Aliomba avae makubadhi. Hawakumngoja. Kaondoka peku.

Alhamisi, 16 Mei

Yuko upande wa bara, hakuna aruhusiwaye kumwona. Bwana Jamaludin anasema wenye serikali wana mambo yao na sisi tuna jengo letu. Ndirangu hali wala hanywi, anajilaumu kwa kumhoji. Nikamfariji.

Jumatatu, 20 Mei

Hudson ameagiza chumba cha nyuma kipekuliwe na kisha kitolewe vitu. Hawakupata kitu ila kanga ya marehemu Bi Barka imekunjwa chini ya mto, na picha ya Maka. Mafundi waliuliza vitu viwekwe wapi, nikasema ndani ya meko. Vimeenea vyote. Mtu wa miaka sabini na tatu ameenea ndani ya meko ya Mwingereza.

Ndirangu kaniuliza, sauti chini, kama ni sawa kuanza mabomba huko sasa, maana wafadhili wanasukuma na mvua hii imekula wiki mbili. Nikamwambia chumba ki tupu, Bwana Ndirangu, na maji yanataka mteremko. Mchana walivunja sakafu aliyoisugua.

Jumatano, 22 Mei

Vyungu vya choo vinne vimeshuka bandarini. Vyeupe sana.

Ijumaa, 24 Mei

Lubna, binti wa kaka yangu, anafanya kazi ya muda kwetu, anapanga picha na sauti za maonyesho. Ana miaka ishirini na mbili, nimemlea mimi mamake alipofariki. Leo baada ya sala ya Ijumaa ameingia ofisini kwangu na waya za masikioni zinaning'inia shingoni. Hakuamkia.

"Shangazi, nimeisikiza recording ya Bwana Madi. Yote."

"Enhe."

"Umeandika njia, yeye alisema ndia. Umeandika likavunjika, yeye alisema likavundika. Umeandika tumwache, yeye alisema tumwate. Kila neno umeligeuza, Shangazi. Kila neno. Kwa nini hilo moja hukuligeuza?"

Nikamwambia mtu huchoka, maneno ni mengi, mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Hukulisikia vizuri?"

"Sikulisikia vizuri."

Akachomoa waya, akaiweka simu mezani, akabonyeza. Nikaisikia mvua. Nikaisikia sauti ya Madi: *akangia mashuani na viatu mkononi*. Mzee akacheka. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke anayecheka pamoja naye, kicheko cha tumboni, kirefu, mpaka akakohoa. Ilikuwa sauti yangu.

Nilikuwa nimesahau. Haki ya Mungu nilikuwa nimesahau kwamba nilicheka.

Lubna hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Alisema, "Nshampelekea Ndirangu, na Hudson pia," akachukua simu yake. Mlangoni akageuka. "Nimewambia ni kosa la kuandika, Shangazi. Nimekusitiri. Usiniulize kitu tena."

Niliona haya. Lakini nilipokuwa peke yangu jambo la kwanza nililolifikiri ni kwamba sakafu ishavunjwa.

Jumamosi, 25 Mei

Hudson amecheka simuni mpaka nikaiondoa sikioni. "Kumbe ni kucheka! Madam, nyinyi watu wa Lamu mtaniua!" Akampigia Bwana Jamaludin, Jamaludin akawahadithia wazee msikitini, wazee wakawahadithia wake zao. Kufikia alasiri mji mzima ulikuwa unacheka.

Jumapili, 26 Mei

Amerudishwa. Siku kumi na mbili. Alishuka gatini na viatu vya mpira alivyopewa na mtu, vyote vya mguu wa kushoto. Vijana waliokaa ufukoni wakasimama: "Bwana Mteka huyo! Jifiteni, atawateka!" Hakuna aliyedhamiria ubaya. Walikuwa wanamfurahia, kwa namna yao. Yeye akainua mkono kuwaitikia.

Alikwenda moja kwa moja nyuma. Mimi nilikuwa ukumbini. Nilimsikia anasimama. Fundi aliendelea kupiga vigae. Kisha akaja mbele, akainama kwenye meko, akatoa kanga ya mkewe tu, akaitia kifuani.

"Bwana Madi," nikasema, "limetokea kosa."

Akanitazama bila hasira. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Akaenda zake.

Hakuniita mwanangu.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua imepungua. Analala barazani kwa watu, na vitu vyake mafundi wamempelekea huko. Kwao Siyu hakubaki mtu.

Jumatatu, 10 Juni

Jina la Bwana Mteka limemganda. Leo nimemsikia hata muuza mkate analitumia, na mzee anaitika.

Lubna amehamia kwa mamake mdogo. Nguo zake kazichukua mimi nikiwa kazini.

Jumatatu, 17 Juni. Idi ya Mfungo Tatu

Nimepeleka nyama kwa kila jirani. Nilimpelekea Madi fungu alipokuwa amekaa, akalipokea, akasema Mungu akuzidishie. Nilipogeuka nikamwona analigawa kwa paka.

Jumatatu, 24 Juni

Kikao cha kamati. Ndirangu alisimama akasema ana deni kwa mzee na hapati usingizi. Akaomba apewe chumba chochote. Vyumba vimekwisha, vyote vimepangiwa. Chumba cha juu kimekuwa stoo ya viti. Ofisi ya madirisha mawili hakuna aliyeitaja, na mimi sikuitaja.

Ndipo Bwana Jamaludin akapata wazo, na safari hii lilikuwa lake mwenyewe. Kituo kinahitaji mtu wa kusafisha vyoo. Madi ni mwaminifu, ni msafi, na jengo analijua. "Tumpe kazi, mzee asikae bure. Na ni chumba kile kile chake, si hatutakuwa tumemtoa!"

Wakaafiki wote, wakaona wametenda wema. Niliandika katika kumbukumbu za kikao: *Imeafikiwa kwa kauli moja*. Kauli moja ni pamoja na yangu.

Jumatatu, 1 Julai

Tumefungua. Hotuba nne, utepe mmoja, halua. Paa limepakwa rangi, nguzo za Mwingereza zimepakwa rangi, na meko yametiwa maua ya plastiki. Nimekaa kwenye kiti changu, nimefungua madirisha yangu yote mawili, upepo wa kusi ukanipeperushia karatasi zote chini.

Saa tatu nikashikwa na haja. Nikaenda nyuma.

Madi alikuwa ndio anafika, amevaa koti la bluu lenye jina la kituo mfukoni, ndoo mkononi. Mlangoni pa vyoo tumepanga kandambili za plastiki, kwa kuwa hakuna Mwislamu anayeingia chooni peku. Hakuzigusa. Aliweka ndoo chini, akavua makubadhi yake, akayapanga pembeni ya kizingiti, pua nje. Akaingia na mguu wa kulia, si wa kushoto wa chooni. Akasema, "Asalaam aleikum," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayerudi kwake na kuna mtu ndani.

Nikasema, maana lazima niseme kitu, "Bwana Madi, vaa kandambili. Hapo ni chooni."

Akageuka. Vigae vyeupe vilikuwa vimelowa chini ya nyayo zake. Akanitazama viatu, halafu uso.

"Karibu, Bi Sundus," akasema. "Vua, uingie."

Wageni wawili walikuwa nyuma yangu wananingoja nipite. Nikawapisha. Nikafuata ufuko mpaka nyumbani kwangu, nikajisaidia huko, na nikiwa njiani kurudi manyunyu ya kusi yakanilowesha.

Jumanne, 2 Julai

Manyunyu. Nimekwenda nyumbani mara tatu.